"Gritty": Neno la Kiingereza Lijulikanalo kwa Mkono

Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Maneno nayo yana siri zake, na kuna neno moja la Kiingereza ambalo siri yake hujulikana zaidi na mkono kuliko kamusi. Neno lenyewe ni "gritty". Ni neno fupi lisilo na mbwembwe, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuliandika bila kukosea hata herufi moja. Lakini mwombe akueleze maana yake kwa Kiswahili, utamwona akikuna kichwa. Atajaribu "-enye mchanga", ataliacha. Atajaribu "gumu", ataliacha. Mwishowe atakuambia, "Ni kitu fulani hivi," huku akisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada.

Ndugu msomaji, ule msuguo wa vidole ndio jibu lililo karibu zaidi na ukweli. Na kama twataka kulifahamu neno hili barabara, hatuna haja ya kwenda London wala New York. Twende Runyenjes.

PENYE UTELEZI NA PENYE KUKWARUZA

Runyenjes ni mji ulio kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya. Ukipanda juu kuelekea msituni unakuta mashamba ya chai. Ukibaki katikati, unakuta kahawa. Ukiteremka, joto linazidi na mimea inabadilika. Udongo wa huko ni mwekundu, udongo wa volkano, na kila mwenyeji anaujua kwa nyayo zake. Mvua ikinyesha, njia inateleza hata mbuzi anaomba msaada. Jua likiwaka, udongo ule ule unakuwa vumbi linaloingia machoni, kooni na katikati ya meno. Basi mtoto wa Runyenjes huanza kufundishwa tofauti ya utelezi na mkwaruzo kabla hajaingia darasani.

Tofauti hiyo, ambayo kwa mpita njia ni jambo la viatu tu, kwa mkulima wa kahawa ni jambo la fedha. Na hapo ndipo neno letu linapoingia.

Kahawa haikuwafikia wakulima wa Embu kwa urahisi. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kuilima, ikawaachia walowezi. Katika miaka ya 1930 ndipo ruhusa ya majaribio ilipotolewa kwa sehemu chache, zikiwemo Embu, Meru na Kisii, tena kwa masharti makali. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo kilimo hicho kilipoenea kwa wakulima wadogo, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kuoshea kahawa kando ya mito. Kiwanda cha namna hii si jengo la moshi na ngurumo. Ni mashine ya kumenya maganda, matangi ya saruji, mifereji ya maji, na safu za vitanda vya kuanikia.

Mkulima huleta kahawa mbivu, nyekundu, aliyoichuma siku hiyo hiyo. Mbichi na mbovu huchaguliwa na kutolewa. Jioni mashine huanza kazi yake ya kuvua ganda la nje. Kinachobaki ni punje mbili zilizovikwa ganda gumu la ndani, na juu ya ganda hilo pana ute. Ute huo ni mwingi na unanata. Ukiishika kahawa iliyotoka mashineni inakuponyoka kama sabuni ndani ya beseni.

Maji matupu hayauondoi ute huo mara moja. Sehemu kubwa yake ni pektini, ile ile inayoigandisha jemu, nayo imeshikamana na ganda. Kwa hiyo kahawa huwekwa tangini ikachacha. Vijidudu visivyoonekana kwa macho pamoja na vimeng'enya huula ule ute polepole, muda wa saa 12 hadi 36 au zaidi, kutegemea baridi. Usiku ukiwa wa baridi, kama ulivyo mara nyingi chini ya mlima, kazi huchelewa. Kukiwa na joto, huharakishwa. Hakuna saa ya ukutani inayoweza kumwambia mtu kwa hakika kwamba sasa basi.

Nani basi anayeamua? Mkono.

Mtu wa zamu huja na taa yake, huingiza mkono tangini, huchota konzi ya kahawa, huisuuza kidogo kwa maji, kisha huisugua katikati ya viganja viwili. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza, punje kwa punje zikisagana kama vijiwe vya mtoni, ute umekwisha na kahawa yataka kuoshwa. Wako wanaotumia fimbo: huichomeka katikati ya kahawa na kuichomoa, na shimo likibaki wazi bila kujifunga, hiyo ni ishara. Lakini hata mwenye fimbo, kabla ya kufungulia maji, aghalabu hurudi kwenye mkono.

Vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza kazi hii hutumia neno moja kutaja hali hiyo ya mwisho. Husema kahawa iko tayari ikiwa "gritty".

KIJANA, KAMUSI NA TANGI

Sasa tuseme yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne, amepata kibarua cha msimu katika kiwanda kama hicho. Amepewa karatasi ya maelekezo, nayo imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa karatasi nyingi za kazi katika nchi yetu huandikwa hivyo, ingawa Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kijana anasoma, anafika kwenye lile neno, anakwama. Anafungua kamusi. Maelezo yanamwelekeza kwenye mchanga na changarawe. Anachukua tochi, anamulika tangi, anatafuta mchanga. Mchanga haupo. Je, asubiri hadi uonekane? Na kama ungeonekana, si ingekuwa kahawa imechafuka?

Anamwendea mzee wa zamu.

"Shikamoo, mzee. Karatasi yasema tungoje mpaka kahawa iwe na mchanga. Mimi sioni mchanga humu."

"Marahaba. Lete mkono, kijana wangu."

Mzee anaushika mkono wa kijana, anautumbukiza tangini, anamjaza konzi ya kahawa, anamsuguza viganja.

"Unasikia?"

"Inateleza, mzee."

"Basi bado. Nenda ukapumzike. Nitakuamsha."

Saa kadhaa baadaye anamwamsha. Kijana anasugua tena, na safari hii punje zinagombana viganjani mwake.

"Unasikia?"

"Nasikia, mzee. Inakwaruza."

"Hiyo ndiyo karatasi yako. Fungulia maji."

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini lile ambalo kijana angepoteza si la mfano. Tangi moja lina kahawa ya wakulima wengi. Ya mama mjane mwenye mashina machache imechanganyika na ya mwenye shamba kubwa, na hakuna wa kuzitenganisha. Ikioshwa mapema, ute uliobaki huendelea kuchacha vitandani, huvuta ukungu, huacha madoa. Ikicheleweshwa, uchachu hupenya ndani ya punje, na zile zilizoharibika hutoa harufu mbaya ambayo chache tu hutosha kuiharibu kahawa nyingi njema. Baadaye mwonjaji huinywa kwa kijiko na kuipa daraja, na kahawa hupelekwa mnadani Nairobi, mnada ambao ulianza mwaka 1935. Mwonjaji hajui jina la mtu wa zamu. Lakini katika kile kijiko anauonja uamuzi wa usiku ule.

Kwa hiyo tafsiri mbaya ya neno moja yaweza kula karo ya mtoto. Tusidharau maneno.

KWA NINI "-ENYE MCHANGA" HALITOSHI

Tuitazame lugha sasa. Kiingereza hupenda kuziita hali za vitu kwa vivumishi. Huchukua nomino, huibandika herufi moja nyuma, na kivumishi kimezaliwa. "Grit" ni changarawe ndogo. "Gritty" ni chenye hali ya changarawe hiyo. Neno hudumu juu ya kitu kama rangi, hata asipokuwapo wa kukigusa.

Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili, na vya kutaja hali ya kugusika ni vichache zaidi. Tuna -gumu, -ororo, -kavu, na tuna laini, ambalo tulilipata kwa Waarabu. Baada ya hapo twategemea njia nyingine. Twatumia -enye na kiunganishi -a. Twatumia tanakali: ameloa chapachapa, giza totoro, nyamaza jii. Na zaidi ya yote twatumia vitenzi. Sakafu inateleza. Koo linakereketa. Ukuta unaparuza. Blanketi linawasha. Kahawa inakwaruza.

Tazama tofauti. Kivumishi cha Kiingereza huniambia kitu kikoje. Kitenzi cha Kiswahili huniambia kitu kinanifanyia nini. Blanketi haliwashi likiwa dukani. Lawasha likiwa mwilini mwa mtu. Kahawa haikwaruzi mpaka kiganja kiwepo. Kwa lugha yetu hali ya kitu ni mkutano wa watu wawili, kinachogusa na kinachoguswa, na neno huzaliwa hapo wanapokutana.

Ndiyo maana mzee wetu alimwuliza kijana, "Unasikia?" wala hakumwuliza kama anaona. Msemaji wa Kiswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu ya wali jikoni kwa jirani. Na husikia kwa kiganja. Mgeni anayejifunza lugha yetu huona ajabu kwamba sikio, pua, tumbo na ngozi vimepewa kitenzi kimoja. Mtu wa zamu tangini hatashangaa, kwa kuwa yeye huisikiliza kahawa kwa mikono.

Basi mfasiri anayeandika "yenye mchanga" amekosea mara mbili. Kwanza, amedai kuwapo kitu kisichokuwapo. "Gritty" haisemi lazima mchanga uwemo. Husema kitu kinahisika kama kwamba una mchanga. Pili, ameutoa mkono katika sentensi. Na sentensi hiyo bila mkono haina kazi.

NDUGU WA NENO HILI

Neno hili lina ndugu, na Kiingereza huwatenganisha kwa makini. Mwalimu wa lugha atafaidika akiwapanga mezani kwa mifano ya nyumbani.

Gome la mti na ulimi wa paka ni "rough": uso wake una vinundu na mikwaruzo, lakini hakuna chembe zinazobanduka. Gunia la katani ni "coarse": nyuzi zake ni nene, hazikusokotwa kwa ulaini. Unga uliosagwa mara moja nao huitwa hivyo, na sisi twasema una chenga. Picha ya gazeti la zamani iliyojaa vidoadoa ni "grainy". Ufuo wa Malindi ni "sandy", kwa kuwa ni mchanga mtupu usiojificha.

"Gritty" ina sharti lake: chembe ziwe ndogo, ziwe ngumu, na zigundulike kwa kusagana, ama kati ya vidole ama kati ya meno. Sukuma wiki isiyooshwa vizuri ni mfano ambao kila mlaji anaujua. Umekaa mezani kwa heshima mbele ya wakwe, unatafuna, halafu krr! Hapo ndipo neno lilipo. Mfano mzuri zaidi ni pera. Chukua pera bivu, lioshe, lile. Hata baada ya kuziepa mbegu, nyama yenyewe ina vijichembe vinavyokwaruza ulimi. Huo si uchafu. Ni chembe hai za mmea zilizojijengea kuta ngumu, na wanasayansi huziita chembe za mawe. Pera ni "gritty" bila hata punje ya mchanga, kama kahawa ya tangini.

Kwa Kiswahili mambo haya hayana tafsiri moja, wala tusilazimishe iwepo. Mboga ina mchanga. Unga una chenga. Pera lina chembe. Kahawa inakwaruza. Macho ya mtu aliyesafiri katika vumbi yanawasha kama yametiwa mchanga. Neno moja la kwao huhitaji maneno matano ya kwetu, na pengine kesho neno moja la kwetu litahitaji matano ya kwao. Kusikia ni moja wapo.

KUTOKA JIWE HADI MOYO

Sasa tufike kwenye safari ya ajabu ya neno hili. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "greot", maana yake mchanga, changarawe, hata vumbi. Kaskazini mwa Uingereza kuna mwamba ambao wataalamu wa miamba huuita Millstone Grit, nao ulichongwa kuwa mawe ya kusagia nafaka. Sifa yake ilikuwa hiyo hiyo ya kukwaruza. Hata mama zetu walilijua jambo hili bila kusoma miamba. Jiwe la kusagia likilainika kwa kutumika, halisagi tena. Sharti ligongwegongwe upya lipate meno. Jiwe lisilokwaruza halikupi uji.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Wamarekani walianza kulitumia neno "grit" kumsifu mtu mwenye moyo usiokatika. Huyu, walisema, ana changarawe ndani yake. Mwaka 1968 mwandishi Charles Portis alitoa riwaya aliyoiita True Grit, juu ya msichana wa miaka 14 anayemwinda mwuaji wa baba yake. Mwaka 1969 ikawa filamu, na John Wayne akapata Oscar kwa kuigiza humo. Mwaka 2010 ikatengenezwa tena. Kisha mwaka 2016 mwanasaikolojia Angela Duckworth wa Marekani alitoa kitabu akakiita Grit, akieleza kwamba shauku na uvumilivu wa muda mrefu huchangia sana katika mafanikio ya mtu, hata pale kipaji peke yake kisipotosha. Tangu hapo neno hilo limeenea katika mikutano ya walimu na ya wafanyabiashara.

Kwa hiyo ukisoma ukurasa wa michezo wa gazeti la Kiingereza kwamba timu fulani ilionyesha mchezo wa "gritty", usidhani uwanja ulikuwa na mchanga. Timu ilibanwa, haikucheza kwa madaha, lakini haikukubali kushindwa. Na ukisoma kwamba riwaya au filamu ni "gritty", maana yake inaonyesha maisha magumu bila kuyapaka rangi: mitaa michafu, njaa, polisi, pombe haramu. Riwaya za Meja Mwangi za miaka ya 1970, kama Kill Me Quick ya 1973 na Going Down River Road ya 1976, ni mifano mizuri. Msomaji huyasikia maisha ya Nairobi yakimkwaruza. Kwa Kiswahili twaweza kuziita riwaya za ukweli mtupu, au za uhalisia mkali, na tutaeleweka.

SUGU

Je, Kiswahili hakina neno lililosafiri njia hiyo, kutoka kwenye ngozi hadi kwenye moyo? Lipo, nalo ni zuri mno. Ni sugu.

Sugu, kwanza kabisa, ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika jembe, au begani kwa kubeba mzigo. Undugu wake na kitenzi sugua unaonekana waziwazi. Sugua mahali pamoja miaka na miaka, mwili hujibu kwa kuota sugu. Kutoka hapo neno likahamia kwenye tabia. Mtu sugu ni aliyezoea taabu hata haimtikisi. Kiingereza kilichukua jiwe kikalitia moyoni mwa mtu. Kiswahili kilichukua alama ya mkononi kikaitia moyoni. Njia mbili, kituo kimoja.

Lakini mfasiri asikimbilie kusema kwamba "gritty" ni sugu, basi tumemaliza. Sugu ina makali ambayo "gritty" haina. Twasema ugonjwa sugu, mdeni sugu, mhalifu sugu. Hapo hakuna sifa. Ni kilichokataa dawa na maonyo. Ukimsifu mchezaji kwa Kiingereza kuwa "gritty", atakushukuru. Ukimwita sugu kwa Kiswahili, huenda akakuuliza wamaanisha nini. Kwa sifa safi tutumie shupavu, mkakamavu au mstahimilivu, kila moja mahali pake.

Hata hivyo, nadhani yale makali ya sugu yana hekima, na tusiyafute. Neno "grit" husema nguvu imo ndani ya mtu, kama changarawe ilivyo ndani ya jiwe. Sugu husema nguvu hiyo ilitoka wapi: kuna kitu kilimsugua. Huwezi kuutaja ugumu wa kiganja bila kukumbuka jembe.

Na mkulima wa Runyenjes amesuguliwa. Katika miaka ya 1980 kahawa ilikuwa mhimili wa uchumi wa Kenya, na mwishoni mwa mwongo huo nchi ilivuna takriban tani 130,000 kwa mwaka. Mwaka 1989 mfumo wa mgao chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi nchini waliitelekeza mibuni, wengine wakaing'oa. Katika miaka ya karibuni mavuno ya nchi yamekuwa chini ya nusu ya yale ya zamani. Wako waliobaki na kahawa yao, wakaipalilia, wakaipogoa, wakaongeza aina mpya zinazostahimili magonjwa, kama Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na Batian iliyotolewa mwaka 2010.

Mtu akija na kitabu cha Kiingereza mkononi akawaambia hao kwamba wanachohitaji ni kuwa na "grit", atakuwa anamfundisha samaki kuogelea. Huko Marekani kwenyewe wako wakosoaji waliouliza swali hilo: je, kumsifu maskini kwa uvumilivu si njia ya kukwepa kumwondolea mawe njiani? Kiswahili kilikwisha kuuliza swali hilo zamani ndani ya neno moja. Ukiiona sugu, uliza ni nini kilichosugua.

TUFANYEJE?

Kwa walimu, ushauri wetu ni mwepesi. Siku ya kulifundisha neno hili, usiende darasani na kamusi peke yake. Nenda na pera, konzi ya unga wa chenga na jani la sukuma wiki lisilooshwa. Wanafunzi wafumbe macho wasikie kwa vidole na kwa meno. Halafu waulize wangesemaje nyumbani, kwa Kiembu, kwa Kimbeere, kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili. Waandike yote ubaoni. Kiingereza kije mwisho, kama mgeni anayekaribishwa katika nyumba yenye watu. Mtoto atagundua kwamba mama yake, ambaye huenda hajui neno hata moja la Kiingereza, ameijua maana ya "gritty" miaka yote.

Kwa wanaoandika karatasi za mafunzo ya wakulima, tunaomba zaidi. Andikeni kwa Kiswahili, na mkiandika, msitafsiri neno kwa neno. Andikeni jambo lenyewe: "Chota kahawa, isuuze, isugue viganjani. Ikiteleza, ngoja. Ikikwaruza, osha." Maneno hayo machache yanamtosha kijana wa zamu, wala hatakwenda kutafuta mchanga na tochi.

Siku hizi zipo mashine zinazouondoa ute kwa nguvu bila kungoja kahawa ichache, na huenda siku moja zikaenea kila mahali. Hatuzipingi, zinaokoa maji na muda. Ila mtu wa zamu akishaondoka kando ya tangi, ataondoka na elimu ambayo haikuandikwa popote kwa lugha yake. Ni vyema tuiandike mapema, wakati ungali mkono unaoweza kutuambia.

Maana kuna jambo la kustaajabisha katika mkono ule. Mchana umeshika jembe na panga, umeota sugu. Usiku unaingia tangini, katika maji baridi, na kupitia sugu hiyo hiyo unapambanua utelezi na mkwaruzo, jambo ambalo hata saa ya ukutani haliwezi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siri ya neno hili aijuaye ni mkono wa mwosha kahawa, na ukitaka kuijua, mwamkie kwa heshima, kisha mpe wako aushike.